Walimwita Daktari Mapema

Mdogo wangu wa kike alikuwa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, akisomea shahada ya kwanza ya sayansi, mchungaji alipomwambia aje kanisani Jumapili na koti lake jeupe. Lilikuwa koti la maabara tu, kama la kila mwanafunzi mwenzake, na mfukoni lilikuwa na doa la zambarau ambalo hakuna sabuni iliyoliondoa. Mimi ndiye niliyelipiga pasi. Nami ni fundi cherehani, pasi ni kazi yangu ya kila siku, lakini asubuhi ile niliirudia kola mpaka mdogo wangu akasema, "Yaya, utaiunguza."

Kwetu mashariki ya Kongo yaya ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike. Kwake mimi ni yaya, na kwa muda mrefu nimekuwa baba na mama pia. Wazazi wetu walikufa wakifuatana, mimi nikiwa nimeanza tu sekondari, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Niliacha shule nikaingia kwa fundi kushona vifungo. Baadaye tulishuka kusini, nchi baada ya nchi, hadi Johannesburg, na mtu wa kwanza kutufungulia mlango alikuwa mama mmoja mzee wa Bellevue, mtu wa kwetu, aliyetutandikia godoro jikoni kwake. Tulilala jikoni pale mpaka nilipopata chumba La Rochelle, chenye baraza ya kuweka cherehani.

Udaktari aliutaka tangu akiwa mdogo. Alipomaliza sekondari aliomba, alama zake zilikuwa nzuri, hazikutosha. Akanieleza kwamba kuna mlango mwingine: mtu anasoma kwanza shahada ya sayansi, kisha anaomba upya kuingia udaktari pamoja na wengine wenye shahada, anafanya mtihani maalumu, na akifaulu anaitwa kwenye usaili. Nafasi ni chache. Aliniambia hivyo mara moja tu na hakurudia. Miaka mitatu yote aliisoma kwa ajili ya mlango huo.

Sasa, kanisani kwetu jambo linaloombwa huitwa kana kwamba limeshafika. Mwanamke anayeombea mtoto anaanza kuitwa Mama Fulani kabla tumbo halijaonekana. Mwanamume anayesubiri karatasi za ukaaji anasalimiwa mlangoni, "Raia, karibu!" Tunakutana ghorofani juu ya duka la matairi, watu wa Bukavu, wa Uvira, wa Lubumbashi, na Warundi wachache, na hakuna anayeona ajabu. Ndiyo imani yetu. Kusema "akipata" ni kama kumwambia Mungu kwamba una wasiwasi naye.

Basi Jumapili ile mchungaji alimwita mbele, akamvika koti kwa mikono yake, akatuuliza, "Huyu ni nani?"

"Daktari!"

"Sijasikia. Huyu ni nani?"

"Daktari!"

Akina mama walipiga vigelegele. Simu ziliinuliwa juu. Mama mzee wa Bellevue alitoka kwenye kiti chake, akacheza polepole hadi mbele, akamfuta mdogo wangu jasho kwa kitambaa chake cha kichwa. Nililia. Mtu aliyekuwa kando yangu, mlinzi wa usiku kwenye maegesho ya magari, alinipiga bega. "Kaka ya daktari," akasema, "na zipu ya suruali yangu utaishona tena, ama sasa tunapanga foleni?"

Mdogo wangu alisimama mbele, mikono ameibana ndani ya mikono ya koti. Alitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Wageni walianza kuja Jumamosi iliyofuata. Kwanza alikuja yule mlinzi, na mgongo wake. Kisha mama mmoja na mfuko wa plastiki uliojaa vidonge vilivyochanganyika, akitaka kujua kipi ni cha presha na kipi ni cha mumewe. Jirani yetu Mtanzania, aliyeolewa na mtu wa hapa, na ambaye wala hakuwa wa kanisa letu, alichungulia barazani akaniuliza, "Daktari yupo, au yuko zamu?"

"Yuko maktaba," nikasema.

"Basi tutamngoja. Si tuna wewe."

Wakakaa kwenye benchi la wateja wangu. Hakukuwa na njia ya kuwafukuza. Watu hawa walitulisha, waliniletea nguo za kushona, walitulipia nauli tulipokuwa hatuna kitu. Mdogo wangu akitokea nyuma ya pazia, kwa sababu kweli alikuwepo na walijua yupo, aliwaambia kila mmoja maneno yale yale.

"Mama, mimi nasoma chembe hai tu. Sijafika kwa mtu mzima."

"Ona anavyojishusha!" mama wa vidonge akatuambia sisi wengine. "Madaktari wa hapa wanakupigia kelele. Wetu anajishusha."

Ikabidi aanze kwenda maktaba kweli. Aliondoka asubuhi na kurudi walinzi wa maktaba wakishafunga, na alichosoma huko mimi sikukiona. Nilichokiona ni kidogo. Mtihani ule maalumu una maswali mengi na muda mfupi, na siku moja aliniomba nimsomee maswali kwa sauti huku akijibu, ajizoeze. Nilichukua kitabu. Kiingereza changu ni cha wateja: kiuno, urefu, punguza hapa, Ijumaa itakuwa tayari. Nilisoma swali la kwanza neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Alinisubiri. Alikuwa ameshajibu zamani, na bado alinisubiri nifike mwisho, kwa heshima, huku dakika zikiisha.

"Yaya," akasema, "wewe uwe saa tu. Uniambie anza, uniambie simama."

Nikawa saa. Mara moja tu aliniuliza swali la kile kitabu kwa Kiswahili, kunifurahisha nadhani. Mgonjwa mzee amekuletea zawadi nyumbani kwako kukushukuru. Utafanya nini?

"Utapokea kwa mikono miwili na kumpa chai."

Alicheka hadi akaweka kichwa mezani. "Umeanguka, yaya. Sifuri."

"Kwa nini?"

"Eish. Wanataka umkatalie. Kwa upole, lakini umkatalie."

Sikuelewa, na bado sielewi vizuri, lakini nilimwambia aandike wanachotaka.

Wiki mbili kabla ya mtihani, mama mzee wa Bellevue alikuja La Rochelle mwenyewe, teksi mbili, kiatu kimoja amekikata mbele kwa wembe ili kidole kipumue. Alibeba sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, ndani ya ndoo ndogo ya majarini. Alikaa kwenye benchi na kunyoosha mguu.

"Nimekuja kwa daktari wangu."

Mdogo wangu alipiga magoti. Kulikuwa na kidonda kwenye kidole gumba, cheusi pembeni, na harufu ambayo mimi nilijifanya siisikii. Aliuliza kama kinauma. Mama akasema hapana, ndiyo maana hakukijali, kitu kisichouma kitakuwa kitu gani? Nikaona uso wa mdogo wangu ukibadilika. Aliuliza habari za sukari, mara ya mwisho kupimwa ni lini. Mama akapunga mkono: kliniki ile ya karibu na kwake walimwomba karatasi mbele ya watu, wakamkaripia kwa lugha asiyoijua, harudi tena.

"Mama, hii ni ya kliniki," mdogo wangu akasema. "Si ya mimi. Leo. Kama si leo, Jumatatu asubuhi. Nitakuandikia kwenye karatasi uwaonyeshe."

"Nimesikia, daktari."

"Mimi si daktari, mama."

"Nimesikia, mwanangu."

Hakuweza kumwachia mguu ule vile ulivyokuwa. Alichemsha maji na chumvi, akakiosha kidonda, akaniomba kitambaa safi. Nilimpa kipande cha pamba nyeupe kilichobaki nilipokata bitana, kitambaa cha ndani ya gauni, nikakipiga pasi ya moto sana pande zote mbili. Alikifunga vizuri, bila kukaza. Mama aliugeuza mguu huku na huku akiutazama, kama mteja anayejaribu gauni mbele ya kioo changu. Alitubariki. Tulimsindikiza hadi kituo cha teksi, na njiani, tukisubiri robot, taa za barabarani, zibadilike, mdogo wangu akarudia tena: Jumatatu, kliniki.

Alimpigia simu Jumanne. Niliisikia sauti ya mama kutoka kwenye simu, yenye furaha.

"Niko sawa, daktari. Kitambaa chako bado kiko safi."

"Ulikwenda?"

"Nitakwenda."

Alimpigia tena baadaye, jibu likawa lile lile. Alitaka kwenda Bellevue amshike mkono ampeleke mwenyewe. Mtihani ulikuwa Jumamosi. Nilimwambia, wewe soma, mimi nitakwenda. Nikaenda. Nilimkuta mama amevaa soksi juu ya kitambaa, anapika, anaimba. Nilimwambia twende kliniki. Akaniuliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Baba, kwa nini niende kwa watu wanaonifukuza na daktari wangu ameshanifunga?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea. Sisi tuliona kitambaa, yeye aliona tiba. Daktari ameangalia, daktari ameosha, daktari amefunga, kazi imekwisha, na kukifungua ni kuonyesha kwamba humwamini. Wenzake kanisani walimuunga mkono, kwa sababu walikuwa wakisema hivyo hivyo. Nilisimama jikoni pale tulipokuwa tunalala zamani, nikamwomba, nikambembeleza, nikatishia hata kumlilia. Alinipakulia chakula, akasema basi, atakwenda Jumatatu. Siwezi kumbeba mama mtu mzima kwa nguvu kutoka nyumbani kwake. Nilikula, nikarudi La Rochelle, na nilipoulizwa nikasema atakwenda Jumatatu, maana hivyo ndivyo alivyosema yeye.

Mtihani ulikwenda vizuri. Wiki kadhaa baadaye matokeo yalitoka: ameitwa kwenye usaili. Alinionyesha simu, nikaisoma ile barua fupi kwa kidole, na safari hii alinisubiri huku anaruka.

Siku tatu baada ya furaha hiyo jirani wa mama wa Bellevue alipiga simu. Mama alikuwa amelazwa. Tulikwenda pamoja wakati wa kutazama wagonjwa. Walikuwa wameshakata vidole viwili, na walikuwa wanazungumza habari ya mguu wenyewe. Muuguzi alisimama kando ya kitanda, akauliza kitu kwa Kiingereza cha haraka, na mama, ambaye hakuelewa yote lakini alielewa ya kutosha, akanyanyua mkono wenye sindano akamwonyesha mdogo wangu kwa fahari.

"Ni huyu. Doctor yangu."

Muuguzi alimgeukia. Mdogo wangu alijibu maneno mawili matatu. Sikuyapata yote, nilipata "student". Muuguzi hakugomba. Alimtazama tu, kama unavyotazama mshono kujua kama utafumuliwa wote au sehemu tu, kisha akaondoka na kikapu chake.

"Hakukosa huyu," mama akaniambia mimi, kwa sauti ya chini. "Nilikosa mimi, sikwenda. Usimwache alie."

Hakulia. Wiki iliyofuata walikata chini ya goti.

Mchungaji alisema shetani anapigana na nyota ya daktari wetu, akatangaza mfungo. Nyuma ya viti nilisikia mengine. "Alimfunga vibaya," mama wa vidonge alimwambia mwenzake, bila kujua niko karibu, au akijua. "Wanasoma tu, mikono hawana." Ningesema si daktari? Nilikuwa nimepiga kelele na wengine siku ile.

Usaili ulikuwa unakaribia, na kwa hilo angalau niliweza kumsaidia, kwa sababu maswali yake ni ya mdomo. Alinitafsiria. Nilikaa nyuma ya cherehani kama mzee wa baraza, nikamuuliza kwa nini unataka udaktari, nikamuuliza ukichoka unafanya nini, na jirani yetu Mtanzania akapita na kuongeza lake: "Na mume utampikia saa ngapi?" Alijibu yote vizuri. Kulikuwa na swali moja alilosema huwa haliachwi: tuambie kosa ulilowahi kufanya na ulichojifunza. Jibu lake lilikuwa tayari tangu mwanzo wa mwaka. Alivunja chupa ya maabara, akaripoti mwenyewe kabla hajaulizwa, akabuni namna bora ya kupanga rafu. Lilikuwa jibu zuri, fupi, lenye mwanzo na mwisho.

Siku moja kabla ya usaili, nikampa "anza" kama kawaida, nikauliza swali hilo. Alichukua chaki yangu ya kukatia akaigeuzageuza.

"Sema ile ya chupa," nikasema.

"Ile ya chupa si kosa, yaya. Ni chupa."

"Sikiliza. Wale hawakujui. Ukiwaambia habari ya mguu wa mtu watafunga daftari. Sema ya chupa."

"Na kama wewe ungekuwa mgonjwa wangu, ungetaka niseme ipi?"

"Mimi si mgonjwa wako. Mimi ni kaka yako. Sema ya chupa."

Aliomba nimpunguzie mikono ya jaketi, nikaipunguza. Asubuhi nilimsindikiza mpaka nje ya jengo. Kulikuwa na vijana wengine wamekuja na wazazi wao, magari yameegeshwa kwenye kivuli, mama mmoja anamfuta mwanawe vumbi begani. Nilimtazama mdogo wangu nikatafuta uzi wa kukata kwenye jaketi lake. Hakukuwa na uzi. Akaingia.

Alipotoka nilijua kabla hajafika. Alitembea taratibu.

"Ulisema ya chupa?"

"Nilianza ya chupa," akasema. "Halafu nikasikia sauti yangu."

Aliwaeleza yote: koti, kanisa, mama, kitambaa cha bitana, simu ya Jumanne. Aliwaambia alijua kwamba akimfunga mama yule ataamini ameponywa, alijua kwa sababu anawajua watu wake, na bado alimfunga, kwa sababu asingeweza kumrudisha nyumbani na kidonda wazi. Akawaambia hajui bado kipi kilikuwa sahihi.

"Walisemaje?"

"Waliandika."

"Sana?"

"Waliandika sana, yaya."

Tulikula viazi vya kukaanga kwenye karatasi, tumekaa kwenye ukuta wa bustani ya chuo.

Jibu lilifika mwisho wa mwaka, wakati mjini watu wanabeba mizigo ya kwenda kwao kwa Krismasi. Walisikitika kumjulisha. Nilimwomba anisomee tena mpaka mwisho, nikitafuta sababu. Hawakusema sababu. Labda walimkataa kwa mguu ule. Labda aliwapendeza kwa mguu ule na wengine wakawa na alama zaidi. Labda wale walioandika siku ile hawakuwa hata na neno la mwisho. Nimeigeuza barua hiyo kichwani mara nyingi nikishona, na kila mara inanitoka mkononi. Nguo ikiharibika najua nilipokosea kukata. Hapa sijui ni nani alikata, wala wapi.

Alimaliza shahada. Sasa anafundisha watoto wa sekondari hesabu na sayansi, alasiri wakitoka shule, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vitabu kule Rosettenville. Jumatano ni siku ya mama wa Bellevue: anampeleka kusafishwa kidonda na kufanya mazoezi ya mguu wa bandia, anamtafsiria, anaomba kwa sauti tulivu wasimkaripie. Wakimuuliza yeye ni nani kwa mgonjwa, anasema mjukuu.

Mwaka huu ameomba tena. Alijaza maombi barazani kwangu, akiegemea meza ya kukatia, na alipobonyeza kutuma alinitazama akasema, "Safari hii ni mimi na wewe tu." Nikaapa. Hata mtoto wa shangazi yetu aliyeko Durban hajui. Mama wa Bellevue hajui.

Jumapili iliyopita mchungaji aliuliza nani ana ombi, ainue mkono, kanisa lisimame naye. Mikono iliinuka mbele na nyuma. Mtu wa karatasi, mtu wa mtoto, mtu wa kazi. Mdogo wangu alikuwa kando yangu, ametazama viatu vyake. Mimi sijui Kiingereza cha mtihani, simjui mtu hata mmoja kwenye jengo lile, na sina la kumfanyia isipokuwa kuomba. Na kuomba nilikojifunza mimi ni huku, kwa sauti, mbele ya watu wote, jambo likitajwa kwa jina lake. Mchungaji alitembeza macho safu kwa safu. Alipofika kwetu akasimama kidogo, kama anayenisubiri.

Niliweka mikono chini ya mapaja yangu na kuikalia, mpaka akapita.